Mbwa Mwenye Kazi: Umpikie au Umnunulie?

Wenzangu waliopanga nje ya kampasi wakishajua nasoma tiba ya wanyama, swali huwa lilelile: huyu mbwa wa getini tumpikie au tumnunulie chakula kikavu? Mimi huuliza kwanza: ana kilo ngapi, na usiku anafanya nini?

Tuchukue mbwa wa kilo 20 anayezunguka uwanja usiku kucha. Kwa hesabu ya darasani, akilala tu anahitaji kama kilokalori 660 kwa siku. Kwa kazi hiyo zidisha mara mbili, tuseme 1,300. Chakula kikavu kina karibu kilokalori 350 kwa gramu 100, hivyo gramu 370 zinamtosha. Sasa njoo kwenye ugali. Kilo moja ya unga ukiisonga kwa lita 2 za maji unapata ugali wa kilo 3 hivi, yaani kilokalori 120 kwa kila gramu 100. Atakula zaidi ya kilo nzima na protini bado ni kidogo! Ndiyo maana unamkuta tumbo limejaa lakini mbavu zinahesabika. Watu husema ana minyoo. Inawezekana, ila chungulia na bakuli lake pia.

Ugali wenyewe hauna ubaya. Mbwa humeng'enya vizuri wanga ulioiva. Unahitaji wenzake tu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kinaongeza kilokalori kama 120, na mafuta ndiyo nishati ya mwendo mrefu. Dagaa huleta protini, na kwa kuwa huliwa na mifupa yao, huleta kalisiamu pia. Wasuuze mchanga. Anayempa nyama tupu ya bucha akidhani anamdekeza, ajue nyama ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo mno, na mwili utaifidia kwa kuichota mifupani. Ganda la yai lililosagwa lina takriban gramu 2 za kalisiamu. Kwa huyu wetu, chini ya ganda moja kwa siku linatosha.

Vitunguu, hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana. Na ule unga uliopata ukungu ambao mtu anasema “basi wape mbwa”, jamani, sumukuvu inaua ini la mbwa kama inavyoua la mtu.

Chakula kikavu nacho kina mitego yake. Ukipimiwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, huoni tarehe wala maelezo, na mafuta yake huchacha. Kina maji kama asilimia 10 tu, kwa hiyo bakuli la maji lisikauke.

Kwa boom letu hili, mimi ningechanganya: nusu ya nishati kutoka kikavu, nusu ugali, dagaa na mafuta. Na mlo mkubwa apewe asubuhi, baada ya zamu, akishapumzika.