Tiki Moja: Ujumbe Wako Umefika Wapi?

Mama wa Bongwe, Kwale, anapomwandikia kwa WhatsApp mwanawe aliye kazini hotelini Diani, "Mwanangu, gesi imeisha," maneno hayo hayatoki simu hii yakaingia ile, ijapokuwa kati yao ni safari fupi ya bodaboda. Yanapanda mnarani, yanapita kwenye nyaya za kampuni ya simu, yanaingia kwenye mkongo uliolazwa chini ya bahari, na kwa kawaida hufikia kompyuta iliyo nje ya nchi. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Kutoka huko yanarudi Kwale na kumfikia kijana, na mama bado hajaiweka simu chini.

Mzunguko huo una sababu. Anwani ya simu kwenye intaneti haitulii: ukitoka kwenye waifai ya kazini ukaingia kwenye bando lako, inabadilika. Simu mbili zinazohamahama haziwezi kutafutana zenyewe, ila seva hupatikana wakati wote. Ukiwasha data, WhatsApp hufungua njia hadi kwenye seva na kujitambulisha kwa nambari yako. Seva nayo huandika: nambari hii inapatikana kwa njia hii. Ujumbe ukiingia, hutazama orodha yake na kumpelekea mwenyewe papo hapo. Asipopatikana, unawekwa akiba, kama barua za kijiji zilivyokuwa zikikaa kwenye sanduku la posta la shule hadi mwenyewe aje. WhatsApp huungoja hadi siku 30, kisha huufuta. Ukishapokelewa, seva haibaki nao.

Ukilielewa hilo, alama ndogo zilizo pembeni mwa ujumbe zinasomeka vizuri. Alama ya saa ina maana ujumbe bado umo simuni mwako: tazama bando, au sogea penye mtandao. Tiki moja ina maana seva imeupokea, lakini simu ya mwenzako haijaupata. Huenda imezimwa, haina data, au amekuzuia. Kuutuma mara tano hakusaidii chochote, maana zote tano zitangoja pale pale. Tiki mbili, umefika kwenye simu yake. Zikigeuka buluu, ameufungua, ingawa wapo walioizima alama hiyo, kwa hivyo usimgombeze mtu kwa tiki za kijivu.

Mpango huu una umri. Mwaka 1988, Jarkko Oikarinen wa Oulu, Finland, alitengeneza IRC, ambako watu wengi waliandikiana kwa wakati mmoja kupitia seva. WhatsApp ilipoanzishwa mwaka 2009, seva zake ziliandikwa kwa Erlang, lugha ya kompyuta iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu. Kufikia mwaka 2012, seva moja ya WhatsApp iliweza kushika njia zaidi ya milioni 2 kwa pamoja.

Lakini kila kinachopitia mahali pamoja hukwama pamoja. Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza dunia nzima kwa takriban saa sita. Bando lilikuwapo na minara ilikuwa mizima; seva ndizo zilizokuwa hazifikiki. Mnamo Mei 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika baharini, na intaneti ya Kenya ikadorora. SMS kati ya laini za hapa nchini haitegemei mikongo hiyo. Basi mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku, na gari la kumfikisha Hospitali ya Msambweni linatafutwa, msiandike kwenye grupu mkakaa kungoja. Pigeni simu.

Kuhusu siri: tangu mwaka 2016, ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa ufunguo kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji. Seva inaubeba bila kuusoma, lakini inajua nambari gani imeiandikia ipi, na saa ngapi.

Hatari kubwa iko kwingine. Seva haijui sura yako. Inakutambua kwa nambari ya simu na msimbo wa tarakimu sita unaotumiwa unapojisajili. Atakayekupigia akidai ni wa benki au ni mwanachama wa chama chenu, akaomba umsomee msimbo huo, anataka kuingia mahali pako, kisha awaombe jamaa zako pesa kwa jina lako. Usimpe, hata akilia. Ingia kwenye mipangilio uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke nambari ya siri unayoijua peke yako.

Na ukiiacha laini ya zamani, tumia "Badilisha nambari" kabla hujaitupa. Kampuni za simu huuza upya nambari zilizolala muda mrefu, na seva itampelekea mmiliki mpya ujumbe wa wote ambao hawajui umehama.