KUMFUNDISHA MBWA MCHANGA KUSHIKA SUNGURA BILA KUMWUMIZA

Mkulima msomaji, ukifuga sungura, iko siku utakuta mlango wa kizimba u wazi na sungura jike uliyemtegemea amekwisha kuingia katikati ya kahawa. Watoto watamfukuza mpaka jioni wasimpate, na usiku paka mwitu atammaliza. Wakulima wengi wa upande wa Thika na Ruiru wana mbwa uani ambaye angeweza kumshika sungura huyo kwa dakika chache. Lakini mbwa asiyefundishwa atamrudisha akiwa amekufa, na akiisha kuonja damu hatakoma kwa sungura wako. Kesho ataingia kwa kuku wa jirani.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya sheria. Uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumwinda mnyama wa porini kwa ajili ya nyama. Sungura wa porini naye ni mnyama wa porini, hata akila maharagwe yako. Basi mafunzo haya ni kwa sungura wa kufugwa tu. Yule wa porini mzuie kwa ua mzuri wa matundu madogo.

Mbwa wa kienyeji atafaa kabisa. Usitafute mbwa wa bei kubwa. Chagua mtoto anayekuja mwenyewe unapochuchumaa, asiyeogopa kelele ya sufuria. Tangu akiwa na majuma manane mzoeshe jina lake, na neno moja la kumwita. Mtu mmoja wa nyumbani ndiye amfundishe, na wote watumie maneno yale yale. Baba akisema “Acha!” na mtoto akisema “Toa!”, mbwa atachanganyikiwa, wala kosa si lake.

Mpaka afike miezi sita hivi usimvutie kitu kinywani, maana ndipo anapobadili meno. Akiumia ufizi atajifunza kuuma kwa nguvu au kukataa kushika kabisa. Wakati huo mfundishe kukaa, kungoja, na kuja akiitwa. Asiyekuja akiitwa hayuko tayari kwa somo la sungura, hata akiwa na mbio namna gani.

Sasa chukua ngozi ya sungura uliyemchinja, ikaushe, uishone kama mfuko na kuijaza nyasi kavu. Ifunge kwa kamba ndefu ya katani. Mweke mbwa kwenye kijia chembamba kati ya ua na ukuta wa nyumba, ili asipate njia ya kukimbilia pembeni. Ivute ngozi polepole mbele yake, kisha isimamishe. Akiishika, usimnyang’anye! Chuchumaa, mwite kwa sauti ya upole, na akija mpe kipande kidogo cha nyama huku ukisema “Acha”. Ataachia ngozi ili apokee nyama. Rudia mara tatu au nne tu, kisha funga kazi angali anataka. Mimi niliwahi kumharibu mbwa mzuri kwa kumchosha mchana kutwa. Tangu siku ile akiona ngozi alikuwa akijificha chini ya ghala.

Ukiona alama za meno kwenye ngozi, anaminya mno. Badala ya kumpiga, weka ndani ya mfuko vijiti vyembamba vilivyokauka, vitakavyomchoma kidogo anapobana. Wengi hulegeza taya wenyewe baada ya siku chache. Asiyelegeza mwachie kazi ya kulinda boma, usimpeleke kwa sungura kamwe.

Hatua ya mwisho ni sungura hai, nayo haitaki haraka. Mweke sungura dume mtulivu ndani ya kizimba imara, mbwa akiwa amefungwa kamba, akae mbali akitazama. Akitulia, msifu. Akirukia waya, mrudishe nyuma hatua kumi. Fanya kazi hii mbali na vizimba vya majike wenye watoto, maana jike akishtuka huweza kuwakanyaga au hata kuwaua watoto wake. Mbwa akiisha kutulia ndipo utakapomtumia, kamba ndefu ikiwa shingoni bado. Kazi yake ni kumzuia sungura kwa miguu ya mbele au kumshika kwa kinywa chepesi, mpaka wewe ufike. Mgongo wa sungura huvunjika upesi, kwa hiyo kimbia! Mwinue kwa ngozi ya shingoni huku mkono wa pili ukishika makalio. Usimwinue kwa masikio. Mtazame kama ana jeraha, umwache apumzike gizani.

Neno la afya. Matumbo ya sungura huweza kuwa na vifuko vya maji, navyo ni mbegu ya tegu. Mbwa akivila vibichi atapata tegu hao, na kinyesi chake kikiangukia majani wanayokula sungura, ugonjwa hurudi kizimbani. Matumbo yachemshe sana au yazike shimo refu, na mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Kichaa cha mbwa kimejulikana Kenya tangu mwaka 1912, na hakijaisha. Mbwa achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wako mwenyewe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku ile ile. Habari za chanjo utazipata kwa ofisa wa mifugo wa Thika au Ruiru. Mbwa umwendee naye akiwa na kamba.