Besi Si Pambo: Mwandikie Anachoweza

Mwaka jana nusura nimfukuze mtu kwenye muziki. Kikundi chetu cha taarabu hapa chuoni kilipata mpiga besi kubwa, ile ya kusimama, mdogo wetu wa mwaka wa kwanza. Si mwanagenzi, ila fundi bado. Mimi ndiye niliyepanga sehemu za ala, nikamjazia noti za haraka ili tuonekane tumesoma. Wiki ya tatu hakuja mazoezini. Nilipomfuata bwenini akasema, "Kaka, vidole haviendi. Nawaharibia tu."

Nikaona aibu. Sisi wa ualimu tunaimbiwa kila siku: anza na anachokijua mwanafunzi. Nikarudi kwenye karatasi.

Kwanza, ufunguo. Nyuzi za besi, kuanzia nene, ni E, A, D na G. Wimbo wetu ulikuwa kwenye E-flati, ambako nguzo zake tatu, yaani E-flati, A-flati na B-flati, zote zinahitaji kubonyezwa. Nikaushusha nusu hatua hadi D. Sasa nguzo ni D, G na A: zote nyuzi tupu! Mwimbaji hakulalamika, na wa fidla wakafurahi.

Pili, mkono wa kushoto. Sehemu kubwa niliibakiza nafasi ya kwanza. Pale mkono unapohama, nikaweka kimya kifupi kabla yake, apate muda wa kufika.

Tatu, mdundo. Sauti nene zikikimbizana huwa uji, hazisikiki vizuri. Nikapunguza noti, besi ikadonolewa pamoja na pigo zito la dumbaki. Kikundi kizima kikatulia.

Lakini jamani, rahisi tupu nayo inachosha. Mtu wa kiwango cha kati anataka kupanda ngazi. Kwa hiyo kwenye kiitikio cha ala nikampa kipande kifupi cha fidla, akipige kwenye uzi wa G. Hicho ndicho anachokifanyia mazoezi hadi usiku.

Alirudi. Kipande kile bado anakikosea mara mojamoja, nasi tunamsubiri. Wewe unayepanga muziki wa kwaya, bendi au taarabu, kabla hujaandika noti hata moja, kaa na mpigaji wako umuulize: mkono wako unafika wapi? Mimi sikuuliza, na ilibaki kidogo tumpoteze.