Mkaa wa Ubongo



BABU: Hebu zitaje namba hizi kinyumenyume: 7, 2, 9, 4.

MJUKUU: 4... 9, 2, 7.

BABU: Hapo ulipositasita ndipo penyewe. Unazishika namba, huku unazigeuza. Hiyo ndiyo kumbukumbu tendaji. Kapu lake dogo: vitu vinne hivi, vikizidi vinamwagika.

MJUKUU: Na kazi hiyo huonekana kwenye picha za ubongo?

BABU: Huonekana kwa ulaji wake. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hula kama asilimia 20 ya nishati, hasa glukosi. Basi mtu hudungwa sukari inayofanana na glukosi, iliyotiwa florini-18 yenye mionzi. Seli huipokea, zikashindwa kuimaliza, ikanasa humo. Kipimo cha PET husoma mionzi hiyo. Wa kwanza kudungwa walikuwa watu wawili wenye afya, Philadelphia, Agosti 1976. Sukari yao ililetwa kwa ndege mbiombio, maana florini-18 hupungua nusu kila dakika 110!

MJUKUU: Kwani kipimo cha MRI hakitoshi?

BABU: MRI ya utendaji hufuata oksijeni ya damu. Ni kumtazama muuza mkaa akipita mtaani. PET hutazama jiko.

MJUKUU: Na watu husemaje kwamba sehemu mbili za ubongo zimeungana?

BABU: Hapo picha za rangi hutuzuzua. Kwa miaka mingi kila mtu alitoa picha moja, jumla ya nusu saa hivi. Watafiti wakalinganisha watu wengi: ambaye sehemu ya nyuma ya paji hula sana, ya chini ya utosi nayo hula sana? Ni kama kuhesabu mkaa na mchele wa nyumba mia. Vitaongezeka pamoja, sawa, lakini bado hujui nyumba moja ilipika nini saa sita mchana.

MJUKUU: Na siku hizi?

BABU: Sukari hutiririshwa polepole kama dripu, picha zikifuatana, mtu akiwa kwenye zoezi. Chuo Kikuu cha Monash, Australia, hufanya hivyo sambamba na MRI. Sasa mtu mmoja anatosha kuonyesha sehemu zinazopanda na kushuka pamoja.

MJUKUU: Yaani zinazungumza?

BABU: Taratibu! Majiko mawili yakiwaka pamoja, huenda majirani wamepeana moto, huenda wote wana njaa tu. Ukisikia mtu anasifia picha za muungano wa ubongo, muulize kwanza: ni ndani ya mtu mmoja, au kati ya watu mia?