Kitoweo Kilichomo Kabatini
Kijitabu cha afya kwa aila za Great Barr, Birmingham

Jioni moja ya baridi, katika nyumba isiyo mbali na njia panda ya Scott Arms, nilimsikia mama mmoja aliyetoka kazini amechoka akiwaambia watoto wake kuwa leo hakuna kitoweo, na kwamba itambidi ashuke dukani kuwanunulia kuku wa kukaanga. Hali kabati lililokuwa juu ya kichwa chake lilikuwa na mfuko wa choroko, makopo mawili ya maharagwe, kopo la dagaa na chupa ya siagi ya karanga, na katika jokofu mlikuwa na mayai manane. Simtaji kwa kumlaumu, kwa sababu neno alilolisema ndilo tulisemalo sote. Kitoweo, kwa asili yake, ni kila kinacholiwa pamoja na wali, ugali au mkate ili chakula kishuke. Lakini kwa mazoea tumelibana neno hilo hata halina maana tena ila nyama, kuku na samaki, na aliyekosa vitatu hivyo hujiona fukara mbele ya sufuria iliyojaa. Muradi wa kijitabu hiki ni kulirudishia neno hilo upana wake, maana katika upana huo mna faida ya siha na nafuu ya matumizi.

Kiasi kinachotosha

Protini ni ile sehemu ya chakula ambayo mwili huitumia kujenga na kutengeneza upya misuli, ngozi, damu na viungo vya ndani, na kufanyizia askari wake wa kupigana na maradhi. Mwili hauna ghala ya kuiwekea akiba kama uwekavyo mafuta, na kwa hiyo huihitaji kila siku. Tena ni vema igawanywe katika milo kuliko kurundikwa yote katika chakula cha usiku. Kipimo kinachofuatwa hapa Uingereza tangu mwaka 1991 ni gramu 0.75 kwa kila kilo moja ya uzito wa mtu mzima kwa siku, hivyo mwanamke wa kilo 60 huhitaji gramu 45, naye mwanamume wa kilo 74 huhitaji gramu 55 na ushei. Mja mzito huongeza gramu 6, na anyonyeshaye huongeza gramu 11 katika miezi ya mwanzo. Ifahamike kuwa hizi ni gramu za protini yenyewe, wala si uzito wa chakula: yai moja la wastani, mathalani, lina protini ya gramu 6 au 7 tu.

Watu wazima walio wengi katika nchi hii hukifikia kipimo hicho, na wengine hukipita, kwa hiyo simhimizi mtu kula kupita haja yake, wala sioni sababu ya kununua zile poda za protini zinazouzwa kwa bei ya kutisha katika madebe makubwa. Ninachokiona katika majiko yetu ni mambo mawili mengine: kwamba tunaigharimia protini zaidi ya inavyostahili, na kwamba wamo katika nyumba zetu, hasa wazee, ambao hushinda kwa chai ya rangi na mkate mkavu hadi magharibi.

Kunde na jamaa zake

Hapa nitakaa kitambo, kwa kuwa hazina kubwa kuliko zote imo humu. Mfuko wa nusu kilo wa adesi nyekundu una protini ipatayo gramu 120, yaani mahitaji ya siku mbili na nusu, na zaidi, ya yule mwanamke wa kilo 60, na bei yake aghalabu ni chini ya ile ya pakiti moja ya vidari vya kuku. Kopo la maharagwe la gramu 400, likishachujwa maji yake, hutoa protini ya gramu 17 hivi, na hakuna alichobakiwa nacho mpishi ila kulifungua, kuyasuuza maharagwe kwa maji safi ili chumvi ipungue, na kuyatia motoni.

Mtu wa pwani aingiapo katika maduka ya Soho Road, Handsworth, hukuta karibu kila alichokizoea, ila majina yaliyopigwa juu ya mifuko ni ya Kihindi: choroko huandikwa moong, kunde huandikwa lobia, adesi nyekundu masoor, na mbaazi zilizopasuliwa toor, ama mbaazi nzima, hizo atazipata kwa wauza vyakula vya Karibi kwa jina la gungo. Hayo si ya kustaajabiwa, kwani safari ya mazao haya baina ya Bara Hindi na pwani yetu ni ya kale, na miongoni mwa waliofungua maduka ya namna hii katika miji ya Uingereza wamo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ambao wengi wao walikulia sokoni wakisema Kiswahili.

Adesi hazirowekwi, nazo huiva kwa dakika 20. Choroko huchukua nusu saa na ziada kidogo, na kunde zilizolala majini usiku kucha hazizidi saa moja. Tena mwenye sufuria ya presha hupunguza muda huo sana, na umeme nao humpungukia. Zioshwe, zichemshwe bila ya chumvi hata zilainike, kisha kando yake kikaangwe kitunguu maji kwa mafuta kidogo, kifuatwe na kitunguu thomu, tungule na bizari, na vyote vichanganywe. Tui la kopo ni tamu nami silikatazi, lakini vijiko vitatu vinne hutosha kuleta harufu ya nyumbani, na kopo zima huleta mafuta ambayo moyo hauyataki. Na anayesema kuwa chakula hiki hakina heshima ya kuitwa kitoweo, na aikumbuke meza yake ya futari, ambapo mbaazi na kunde za nazi hukaa mbele ya wageni mwezi mzima bila ya mtu kuona haya.

Ipo hadhari moja ambayo sina budi kuitilia mkazo. Maharagwe mekundu makavu yana sumu yake ya asili, iitwayo lektini, ambayo punje chache tu zisizoiva hutosha kumtapisha mtu na kumharisha katika muda wa saa chache. Sharti yarowekwe kwa saa zisizopungua 12, maji yale yamwagwe, yasuuzwe, yatiwe maji mapya na yachemke kwa nguvu, mapovu yakipanda, kwa dakika 10 kamili, ndipo moto upunguzwe yaendelee hata yaive. Zile sufuria za umeme zipikazo polepole kutwa nzima, ambazo watu wa zamu huzipenda kwa haki, hazifikii joto la kuivunja sumu hiyo. Basi mtu asiyatie humo maharagwe mekundu makavu ila yaliyokwisha kuchemshwa namna hiyo. Ya kopo yameiva tayari, hayana hofu.

Wapo waliosikia kuwa protini ya mimea ni pungufu. Kauli hiyo ina ukweli nusu, kwa sababu kunde zina uhaba wa baadhi ya vijenzi viitwavyo asidi za amino, na nafaka zina uhaba wa vingine. Lakini kila kimoja kinacho alichokikosa mwenziwe, hivyo wali kwa maharagwe, ugali kwa kunde na chapati kwa choroko ni ndoa zilizofungwa na bibi zetu pasina kusoma kemia. Wala si lazima vikutane katika sahani moja. Vikiliwa katika siku moja vyatosha.

Baharini, bandani na buchani

Samaki ashauriwaye hapa ni vipande viwili kwa wiki, kila kimoja cha gramu 140 hivi baada ya kupikwa, na kimojawapo kiwe cha samaki wa mafuta kama vibua au dagaa. Apandaye basi nambari 51 hufika katikati ya mji, na kwa miguu akateremkia soko la Bull Ring, penye wauza samaki, katika mji ambao hati ya soko lake ilitolewa mwaka 1166. Asiye na wasaa wa safari hiyo asijione amekosa, kwa maana dagaa wa kopo wana protini sawa na wale wabichi, na mifupa yao laini ikiliwa huongeza chokaa ya kuimarisha mifupa yetu. Jodari wa kopo naye ni mwema, ila hahesabiwi katika samaki wa mafuta. La kuwaonya watu wa pwani ni juu ya papa, mkavu kwa mbichi, na sulisuli: samaki hawa wakubwa hukusanya zebaki, na mja mzito, mwenye kutazamia mimba, na mtoto chini ya miaka 16 hawapaswi kuwala kabisa, na mtu mzima mwingine asizidishe mlo mmoja kwa wiki. Najua mchuzi wa papa ni kipenzi cha watu, nami ni mmoja wao.

Yai ni halali kwa kila mtu, huiva kwa dakika chache, na lenye muhuri mwekundu wa simba laweza kuliwa hata na mja mzito likiwa kiini hakijagandamana. Nusu lita ya maziwa ina protini ya gramu 17, basi uji uliopikwa kwa maziwa badala ya maji ni mlo mwingine kabisa.

Nyama nyekundu na soseji, kwa jumla, zisipite gramu 70 kwa siku, kwa ajili ya hatari ya saratani ya utumbo. Robo kilo ya nyama ya kusaga ikichanganywa na adesi hutosha watu wanne au watano, na ladha haipotei. Maini ya kuku ni rahisi na yana chuma kingi, lakini mja mzito ayaepuke, kwa kuwa vitamini A iliyomo humdhuru mtoto tumboni. Wazee wa Kiingereza wa mitaa hii waliolelewa kabla ya tarehe 4 Julai 1954, siku ulipoondolewa mgao wa nyama, walikua kwa vipande vidogo kama hivyo, na ukiwauliza watakueleza jinsi mama zao walivyovinyoosha.

Watoto, watu wa zamu na wazee

Mtoto akifika miezi sita hivi apewe adesi zilizopondwa, yai lililoiva na samaki aliyetolewa miiba. Karanga nzima asipewe kabla ya kutimiza miaka mitano, asije akapaliwa. Ya kusagwa haina neno, ila ajaribiwe kwa kidogo kwanza. Aila zenye kipato kidogo ziulizie kwa mkunga au muuguzi atembeleaye majumbani (health visitor) juu ya kadi ya Healthy Start, ambayo kuanzia wiki ya 10 ya mimba hadi mtoto atimizapo miaka 4 hununua maziwa, matunda, mboga na pia kunde za kila namna, kavu na za kopo. Na katika madarasa matatu ya mwanzo ya shule za serikali, chakula cha mchana hutolewa bure tangu Septemba 2014, bila ya kuangaliwa kipato cha wazazi.

Watu wa zamu za usiku na wapike sufuria moja kubwa siku ya mapumziko, wagawe katika vyombo vidogo, vipoe upesi, viingie frizani. Kimoja hutolewa kila siku na kupashwa moto hata kitoe mvuke kote.

Wazee ndio ninaowahofia zaidi wakati wa baridi. Misuli yao hupungua kwa umri, na wataalamu wengi huwashauri waliopita miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, kipimo kizidicho cha vijana, hali hamu yao ni ndogo na meno yamekwisha. Babu asiyeweza nyama atakula choroko zilizopondwa na yai likakorogewa ndani, na chai yake ya asubuhi ipikwe kwa maziwa. Ila mwenye ugonjwa wa figo, awe mzee au kijana, asiongezewe chochote katika haya kabla ya daktari wake kuulizwa.