SOMO KWA VYAMA: THAMANI YA PAMBO LA DHAHABU



Wanachama wengi, hasa akina mama, huweka akiba yao katika dhahabu. Hununua bangili au mkufu Kariakoo, ama kwa masonara wa Kisutu, katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Na siku ya shida huuza pambo hilo au hulitoa kuwa dhamana ya mkopo. Desturi hiyo ni njema, lakini huleta hasara kwa asiyejua anachonunua. Yafaa tufahamu kwamba bei ya pambo ina mafungu matatu: uzito, ubora na ufundi. Siku ya kuuza, aghalabu ni mafungu mawili ya kwanza tu yanayorudi.

1. Uzito. Dhahabu hupimwa kwa gramu. Tola, kipimo cha zamani cha masonara, ni gramu 11.66. Pambo likiwa na kito, hapana budi uzito wa kito utolewe kwanza.

2. Ubora. Dhahabu tupu ni laini mno, kwa hiyo huchanganywa na shaba au fedha ili ipate ugumu. Ubora huhesabiwa kwa karati, na dhahabu tupu ni karati 24. Alama ya 916 maana yake ni sehemu 916 za dhahabu katika 1,000, yaani karati 22. 750 ni karati 18. Na 375 ni karati 9. Basi bangili ya gramu 10 ya karati 18 ina gramu 7.5 za dhahabu, lakini ya karati 9 ina gramu 3.75 tu, ijapokuwa mizani husema ni sawa.

Alama yaweza kughushiwa. Sumaku nayo haitoshi, kwani shaba haivutwi na sumaku kama vile dhahabu isivyovutwa. Sonara husugua pambo juu ya jiwe jeusi na kutia tindikali juu ya mstari unaobaki: mstari wa shaba hufutika, wa dhahabu bora hudumu.

3. Ufundi. Huu ni ujira wa sonara. Kadiri nakshi zinavyozidi, ndivyo ujira unavyopanda. Lakini pambo likiyeyushwa, nakshi hupotea. Mwenye nia ya kuweka akiba na achague pambo la kawaida, adai stakabadhi yenye uzito na karati, na aitunze.

Wajibu wa Katibu. Kuandika daftarini "bangili moja ya dhahabu" hakutoshi. Andika uzito, karati, idadi ya vito na jina la aliyepima. Mwenye mali atie sahihi. Mkopo ukadiriwe kwa dhahabu iliyomo, si kwa bei ya dukani. Akiba inayokopeshwa ni ya wanachama wote.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Mkufu wa gramu 16 wa karati 18 una gramu ngapi za dhahabu tupu?

(b) Je, daftari la dhamana la chama chetu linaonyesha uzito na karati?