Niliyojifunza Nikisubiri Zamu

Utotoni sikuwa na PlayStation. Wenye bahati zao walikuwa nayo nyumbani. Sisi wengine wa Ngamiani, Tanga, tulikuwa na banda la gemu: chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, televisheni za chogo zimepangwa ukutani, benchi la mbao, feni iliyochoka, na mwenye banda amekaa mlangoni na daftari lake. Leo mashine ninayo sebuleni, tena ya kisasa. Lakini nikipima kwa haki, karibu kila ninachokijua kuhusu gemu nilikipata kwenye benchi lile au kwa sababu yake. Nimeyaandika hapa kwa namba, ila sikuyapanga kwa uzito.

1. Benchi lilifundisha kuliko pedi

Sheria ya banda ilikuwa moja: ukifungwa unatoka, na aliyefungwa ndiye anayelipa. Mwenye jero moja mfukoni hakuweza kumudu kujifunzia mchezoni, kwa hiyo alijifunza akiwa amekaa. Tulisoma vidole vya watu. Tulijua nani akibanwa pembeni lazima apige krosi, nani hawezi kuvumilia pasi tatu bila kupiga shuti, na nani akishafungwa bao la kwanza anaanza kupanda na beki wa kati.

PES 6, gemu ya mpira ya mwaka 2006, ilikuwa na Adriano wa Inter Milan, na mguu wake wa kushoto ulikuwa msiba. Akiachwa ageukie kushoto, hata mbali kabisa na boksi, kipa alibaki kuokota mpira wavuni. Ilifika mahali watu wakataka Inter ipigwe marufuku bandani. Mwenye banda akakataa, maana mteja wa Inter naye analipa. Ikabidi benchi litafute dawa: Adriano alazimishwe kwenda kulia, tena mapema, kabla hajautuliza mpira. Dawa hiyo haikuandikwa kwenye jarida lolote tulilolijua. Ilipatikana kwa macho ya watu wengi kwenye kioo kimoja, wakibishana kwa kelele.

Miaka mingi baadaye nikagundua kwamba haya hayakuwa mambo ya Tanga peke yake. Mwaka 2019 kijana wa Lahore, Pakistan, anayejulikana kwa jina la Arslan Ash, alishinda mashindano ya gemu ya mapigano ya Tekken 7 ya Evo Japan, na mwaka huohuo akashinda Evo kubwa ya Las Vegas kwa kumwangusha Knee wa Korea Kusini, mmoja wa wachezaji wanaoheshimiwa kuliko wote katika gemu hiyo. Kabla ya hapo hakuna aliyeihesabu Pakistan. Arslan akawaambia watu kwamba nyumbani kwao wapo wengine wakali kama yeye. Knee akafunga safari kwenda kujionea, na huko akakutana na vijana wasio na jina waliomtoa jasho. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Nililijua benchi lao bila kuliona.

2. Papara ina siku yake

Tekken 3 ilitoka kwenye PlayStation mwaka 1998. Ndani yake kulikuwa na Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa kapoera, na mtu yeyote aliyebonyeza vitufe vya mateke ovyo ovyo alionekana bingwa. Mgeni aliingia, akamchagua Eddy, akamtoa mwenyeji wa banda mbele ya watu wake. Ukali huo ulidumu jioni moja. Kesho yake kila mtu alikwishajua kuinama, kukinga chini, kusubiri teke lipite, kisha kuadhibu.

Wapo wanaomdharau Eddy hadi leo. Mimi simdharau hata kidogo. Alimpa mtu ambaye hajawahi kushika pedi sababu ya kurudi siku ya pili, na banda lisilopata wageni hufungwa. Na Tekken haikufa: leo Afrika Mashariki ina wachezaji wa gemu hiyo wanaojulikana nje, akiwemo Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow.

3. Uhaba ulimlazimisha fundi kuwa mbunifu

Kabla ya PlayStation tulicheza kaseti. Mashine zenyewe zilikuwa za kuigiza, nakala za Famicom ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kaseti ya njano ilijitangaza kuwa na michezo 9,999. Ukiipitia vizuri unakuta ni michezo ileile michache, imeanzishwa kutoka hatua tofauti na kupewa majina mapya. Tulijua tunadanganywa, na tuliendelea kuhesabu.

Lakini ndani ya udanganyifu huo kulikuwa na Super Mario Bros. ya mwaka 1985, gemu nzima ikiwa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Angalia vichaka vya chini na mawingu ya juu: ni mchoro mmoja, umebadilishwa rangi tu. Nilicheza miaka bila kuliona hilo, na nilipoonyeshwa sikuweza tena kutoliona. Kila gemu mpya inapodai nafasi ya gigabaiti mia moja kwenye mashine yangu, nawakumbuka wale Wajapani wakibana baiti.

Na kaseti yenyewe ina historia ambayo nadhani watoto wetu wangefaa kuijua. Mashine ya kwanza ya nyumbani ambayo ungeweza kuchomoa kaseti moja na kuchomeka nyingine yenye mchezo tofauti kabisa ndani yake ilikuwa Channel F ya kampuni ya Fairchild, mwaka 1976. Timu iliyoitengeneza iliongozwa na Jerry Lawson, mhandisi Mmarekani mweusi. Atari walikuja na ya kwao mwaka uliofuata, na jina lao ndilo lililobaki midomoni mwa watu.

4. Mlango wa siri aliuacha mjenzi

Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Kwenye gemu ya Contra ya mashine ya Nintendo, ukiyabonyeza hayo mwanzoni unapewa roho 30 badala ya tatu. Bandani ilikuwa siri ya wakubwa. Wadogo waliambiwa wageuke kwanza.

Aliyeibuni ni Kazuhisa Hashimoto wa Konami. Alikuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom, katika toleo lililotoka mwaka 1986, na gemu ikamshinda mwenyewe kwa ugumu. Ili aweze kuijaribu hadi mwisho, akajitengenezea njia ya mkato, na njia hiyo ikasahauliwa humo ndani hadi sokoni, na baadaye ikafika hadi Contra. Hashimoto alifariki mwaka 2020. Nimekutana na watu wasioweza kutaja namba ya simu ya mke wao, lakini vidole vyao bado vinajua njia hiyo.

5. Bunduki ya bata ilikufa na chogo

Ile bunduki ya kupigia bata kwenye gemu za kaseti ilikuwa haitoi kitu. Ilikuwa inapokea. Ukivuta kifyatulio, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata panawaka weupe, na jicho lililo ndani ya mtutu linaangalia kama limeona mwanga. Hesabu zake zilitegemea jinsi televisheni ya chogo inavyochora picha. Ukiiunganisha kwenye flati, bata hafi hata umwekee mtutu mdomoni. Bunduki ni nzima.

6. Leseni haijui kucheza mpira

Konami, watengenezaji wa PES, hawakuwa na haki za klabu nyingi za Uingereza, kwa hiyo Liverpool iliitwa Merseyside Red na Manchester United ikaitwa Man Red. Kwenye Ligi ya Masta ulikabidhiwa wachezaji wasiokuwepo duniani: kipa Ivarov, Minanda katikati, Castolo mbele. Hawakuwa na mbio wala nguvu. Ukivumilia misimu michache, uliuza na kununua hadi ukapata timu. Nawajua watu wazima, wenye kazi za maana, ambao hadi leo wakimwona mshambuliaji wa kweli akikosa bao la wazi husema, “Castolo huyo.”

Upande wa pili, wapinzani wao wa gemu ya FIFA walikuwa na karibu majina yote, jezi zote, nyimbo zote. Benchi letu halikuhama kwa muda mrefu. Sababu moja ilikuwa ya vidole tu: kwenye PES unapiga shuti kwa mraba, kwenye FIFA kwa duara, na mtu aliyezoea huku akienda kule anabaki na kipa akampigia krosi. Sababu kubwa ilikuwa namna mpira ulivyotembea. PES ya wakati ule ilikuruhusu kukosea pasi kwa namna inayofanana na uwanjani.

Mwishowe FIFA wakashinda soko, kisha jina lenyewe likawaponyoka: tangu 2023 gemu ile inaitwa EA Sports FC. PES nayo imegeuzwa kuwa eFootball, inapatikana bure, imejaa vya kununua ndani. Hiyo siichezi.

7. Kisichoshikika hakikai

Mwaka 2014 Konami walitoa P.T., kionjo cha kutisha cha Silent Hill, cha kupakua bure. Mwaka uliofuata kikaondolewa dukani, na aliyekifuta kwenye mashine yake hana pa kukitoa. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilitoa utafiti uliokuta kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia za kawaida za kibiashara.

Sasa linganisha na zile DVD za PlayStation 2 (PS2) zilizoandikwa kwa kalamu ya maka, zilizouzwa mitaani kwetu. Ulikuwa ni uharamia, sitautafutia jina la heshima. Lakini bila hizo nisingeijua God of War wala San Andreas, na nyingine bado zipo ndani ya bahasha zao za plastiki, zinasoma.

8. Ukinunua PS2 ya mtu

Vijana wananiuliza sana siku hizi, kwa hiyo nimalizie hapa. Nenda na diski yako mwenyewe, yenye mikwaruzo kidogo. Lenzi iliyochoka inasoma diski mpya ya muuzaji na kuikataa ya kwako. Sikiliza kama diski inaanza kuzunguka, inasimama, inaanza tena. Chomeka pedi kwenye matundu yote mawili. Halafu anzisha gemu ya mpira, uiweke pedi mezani bila kuigusa: mchezaji akianza kutembea mwenyewe, kijiti kimekwisha, punguza bei. Memori kadi idai bure. Na kama humo ndani kuna Ligi ya Masta ya mtu, muulize mwenyewe kwanza kabla ya kuifuta.